Mwarobaini wa Saleha

Loveness alipomwamkia shikamoo, Saleha hakuitika. Alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye shina la mwarobaini, kajifunga kanga kibwebwe, na wala hakumtazama binti huyo aliyesimama na shoka. Macho yake yalikuwa kwa Sabiri, aliyekuwa mumewe, ambaye siku hizi ni mwenyekiti wa wanaojitolea kusafisha msitu na hatoki nyumbani bila kizibao chake cha njano.

"Mama, tunaomba utupishe," alisema Loveness. "Hii miarobaini si ya hapa, inaisonga miti ya asili. Tumekubaliana kuitoa yote."

"Toeni yote. Huu muuache. Chini yake kalala mwanangu."

Loveness akamgeukia mwenyekiti. Sabiri akacheka kwa dharau.

"Usimsikilize. Hapa hapana kaburi. Huyu tangu afiwe na mtoto amerukwa na akili, kila kichaka kwake kaburi."

Vijana waliokuja naye kutoka Ngamiani, mjini, wakaangua kicheko. Sabiri huyuhuyu ndiye aliyechimba hapa kwa mikono yake, masika yale mto Pangani ulipofurika ukakata njia ya makaburini, na ndiye aliyepanda mche huu upande wa kichwa ili pasipotee. Mtoto alikuwa wa miezi miwili tu. Halafu bwana huyu akamwacha, akaoa kwingine, na alipoupata uenyekiti akawaapia watu wa mradi kwamba msitu mzima hauna hata kaburi moja, maana wangesikia kuna kaburi wasingeruhusu kazi. Mtu mzima na ndevu zake! Mwarobaini ukianguka, Saleha hatajua tena pa kumsomea mwanawe dua.

"Weye Sabiri, niangalie usoni useme hapa hapana mtu."

"Hapana mtu. Loveness, kata! Jua linapanda."

Vijana wawili wakamshika Saleha mikono, wakamburuta pembeni. Aliwatukana mpaka matusi yakamwishia, kisha akamng'ata mmoja kiganja. Hawakumwonea huruma hata chembe. Walikuwa wamechoka, wana kiu, na mama huyu kawapotezea asubuhi nzima.

Loveness akatema mate viganjani, akalizunguka shina kutafuta pa kusimama vizuri, akainua shoka na kunyanyua mguu autie kwenye majani makavu.

"Sio hapo!" Sabiri alifoka. "Utamkanyaga!"

Shoka likabaki juu. Wale vijana wakamwachia Saleha, wakaanza kutazama chini.

"Nitamkanyaga nani, mwenyekiti?" aliuliza Loveness.

Akashusha shoka, akarudi nyuma polepole, akichungulia anapokanyaga.

Saleha akaenda kusimama mbele ya Sabiri, karibu kabisa. Miaka yote aliiomba siku hii, akidhani ikija atalia. Hakulia. Alimchukia kuliko jana, kwa sababu kumbe Sabiri alikumbuka mpaka kichwa cha mtoto kilipo, na bado aliamuru mti ukatwe.

"Umeulizwa," alisema. "Mtaje kwa jina lake."

"Samiha," Sabiri alinong'ona.

"Kwa sauti," Saleha akamwambia. "Wa nyuma hawajasikia."