Mwezi wa Mbingusi

Kwa miaka kumi na tisa nimejaza hewa mitungi ya watu wanaokwenda kuwatazama papa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ninajua nini kuhusu papa.

Kazi yangu ni hii. Nawasha kompresa, naunganisha mtungi, naikodolea macho geji mpaka mshale ufike mahali pake, nafunga, nachukua mwingine. Wenyewe wakirudi safari, nafua suti zao za kuzamia kwenye beseni, nazigeuza nje ndani, nazianika kivulini. Chamani, kwenye chama cha wazamiaji ninachokifanyia kazi, wananiita Mama Mitungi. Jina sikulikataa, maana yapo mabaya zaidi, na mengine nimewawekea wao akilini.

Mwaka jana Mwalimu, mama mstaafu aliyefundisha nusu ya mji huu kupiga mbizi, aliniuliza, "Hewa unajaza wewe, wanavuta wengine. Hilo halikukeri?" Lilinikera sana. Nikapiga moyo konde, nikajifunza kwake bwawani, kisha baharini, nikapata cheti cha kushuka mita thelathini. Dada yangu mkubwa alipopata habari alinipigia simu. "Wenye umri wako wanatafuta miwani, mwenzetu unatafuta papa?" Nikamwambia miwani ninayo, kilichobaki ni papa.

Cheti nikawa nacho, lakini uanachama wakaninyima. Mwenyekiti wetu ni daktari wa meno, mtu aliyezoea kuongea na watu waliofungua mdomo wasioweza kumjibu. Alisema mwanachama anatakiwa alete maarifa, siyo mikono tu. Maneno hayo yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kisha ukaja mkutano wa kuchagua safari ya mwaka. Chama kina desturi yake: mtu ambaye chaguo lake limefuatwa ndiye anayetangulia kuingia majini, na papa wasipoonekana, anafua suti za wote mwaka mzima. Ramani ilitandazwa mezani. Mimi nilikuwa kwenye kona nakagua mipira ya hewa, masikio yote mawili yakiwa mezani.

Wakili alitaka potwe, yule papa mkubwa kama basi na mpole kama ng'ombe. Mwalimu alitaka papa wenye mkia mrefu, wanaopanda kwenye mwamba alfajiri ili visamaki viwasafishe. Mwenyekiti akagonga kidole kwenye kisiwa kimoja. Yeye alitaka mbingusi, papa mwenye kichwa cha nyundo, tena siyo mmoja, kundi zima. Walishakwenda huko mara mbili mfululizo, wakarudi na picha za mawe, na suti nikafua mimi vilevile.

"Mara ya tatu hatukosi," alisema. "Mwezi uleule, bahari imetulia kama mafuta kwenye sahani."

"Mtakosa," nikasema.

Walinigeukia wote. Kidogo nijifiche nyuma ya mitungi, lakini neno likishatoka halirudi.

"Mama Mitungi, una la kutuambia?" Mwenyekiti aliuliza, kwa sauti ile ya kumwambia mgonjwa kwamba haitauma.

Nikatoa daftari langu mkobani. "Kwanza, Wakili, potwe huonekana juu, kwenye mawimbi. Barakoa yako naiosha mimi, kwa hiyo najua tumbo lako na mawimbi hayapatani. Mwalimu, papa wako wanataka watu wawe majini jua likichomoza, na Mwenyekiti hapa hajawahi kuwahi boti tangu azaliwe." Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. "Sasa mbingusi. Kisiwa ni hichohicho, hapo Mwenyekiti yuko sawa. Mwezi ndio siyo. Miaka kumi na tatu iliyopita mlikwenda mkawaona wengi, kweli si kweli?"

"Kweli," Wakili akajibu. "Nilikuwepo."

"Safari ile mlikwenda mwezi wa upepo, mkarudi na suti nene, na mitungi karibu mitupu. Mtu akisikia baridi anavuta hewa nyingi. Safari mbili za juzi mlirudi na suti nyembamba, na hewa mmebakiza tele. Daftari lenu linaandika mliona nini. Langu linaandika mlivaa nini. Mbingusi wanafuata maji baridi, nyinyi mnafuata likizo."

Mwenyekiti alifunua daftari la chama, akatafuta, akalifunga. Kweli hapakuwa na mahali palipoandikwa suti.

"Haya," alisema, masikio yamemwiva. "Twende mwezi wako wa upepo. Tukikosa utafua suti mwaka mzima."

"Si ndizo ninazofua kila siku?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Basi ukikosa, habari ya uanachama isisikike tena hapa."

"Na nikipata, unafua wewe."

Tukapeana mikono.

Niliwasihi wote wabebe suti nene. Mwenyekiti alifika na nyembamba, akajipiga tumbo na kusema yeye ana suti nene ya kuzaliwa nayo. Nikapakia begi langu. Boti ilituchezesha tangu asubuhi ya kwanza. Siku hiyo tuliona mawe. Siku ya pili tukaona mawe yaleyale, na maji yalikuwa vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto. Wakili alitapika akaniomba radhi. Jioni Mwenyekiti alikuwa anapiga mluzi. Nilijilaza kitandani nikaogopa kwelikweli, kwamba kesho kutwa nitarudi kwenye kompresa na mdomo wangu umefungwa maisha.

Siku ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho. Asubuhi, kwenye mita ishirini na tano, baridi ilitupiga ghafla kama mtu kafungua friji. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Dakika ya kumi nikamwona Mwenyekiti anatetemeka, mikono kifuani, anaonyesha dole gumba: juu. Sheria yetu ni kwamba akipanda mmoja, tunapanda wote. Tukapanda. Nilipogeuka kutazama chini mara ya mwisho, kulikuwa na kitu kirefu kinapita ukingoni mwa mwanga. Nikatamani kumng'oa mtu meno.

Kwenye boti alijifunika taulo mbili. "Nimeona baridi tu," alisema, meno yakigongana. "Bado mbizi moja, lakini mimi siwezi. Na nisipowaona kwa macho yangu, nitakubalije?"

Nikafungua begi langu, nikamtupia furushi mapajani. Akalikunjua.

"Hii si yangu? Niliiacha chamani!"

"Najua ni yako. Kiraka cha gotini nimekishona mimi."

Aliitazama suti nene, akanitazama. "Mama, tumewekeana masharti. Bila hii, hata ukikosa ungesema mimi ndiye niliyekuharibia safari. Umeibeba ya nini?"

"Nataka unione nikishinda."

Akavaa.

Mchana huo niliingia majini wa kwanza, kama desturi inavyotaka. Mtungi wangu nilikuwa nimeujaza mwenyewe kwa kompresa ya boti, maana kazi hiyo simwamini mtu. Tulishuka mpaka kwenye baridi, tukashika mwamba, tukatulia. Nikatazama geji. Mshale ule, ambao miaka yote niliupandisha kwa ajili ya wengine, ulikuwa unashuka kwa pumzi zangu.

Mwalimu akanigusa bega.

Alitokea mmoja, kichwa kipana, anakipeleka huku na huku kama anayetafuta ufunguo alioudondosha. Nyuma yake wakaja watatu. Nyuma yao kukawa kumejaa. Niliwahesabu mpaka arobaini nikaacha, kwa sababu juu yetu walikuwa wameziba mwanga, wanapita taratibu, hawana haraka na mtu. Nililia ndani ya barakoa. Niligundua kwamba unaweza kulia mita ishirini na nane chini ya maji, na unaweza pia kucheka, ila kucheka kunaingiza chumvi.

Mwenyekiti aliachia mkono mmoja kwenye mwamba, akanipigia saluti.

Tulipoibuka alitema mpira wa hewa akapiga kelele ambayo wagonjwa wake wangeitambua. "Walikuwa wangapi? Jamani, walikuwa wangapi?" Wakili alikuwa anacheka na kutapika kwa zamu.

Jumatatu nilifika chamani nikakuta daftari la chama liko wazi mezani. Safu mpya imepigwa kwa rula, juu imeandikwa: suti. Nje, kivulini, daktari wa meno alikuwa amekunja suruali hadi magotini, mikono imezama kwenye beseni, suti kumi na mbili zinamsubiri.

"Geuza nje ndani kwanza," nikamwambia.

Akageuza. Kisha akainua uso, jasho linamtiririka, akauliza bila utani wowote, "Mwanachama, maji haya yanatosha?"

Nikasogea, nikachungulia beseni.

"Ongeza," nikasema, nikaenda kuwasha kompresa.