Kikopo Kilichostaafu

Usiku wa kuamkia leo niliota kikopo cha kahawa kinanidai shikamoo.

Nieleze kwanza hivyo vikopo ni vitu gani, maana si kila nyumba inavyo. Mume wangu Zakayo alipopandishwa cheo alinunua mashine ya kahawa ya kisasa. Haitaki kahawa ya kuchota kwa kijiko. Inataka vikopo vidogo vya bati laini, kila kimoja kimefungwa na kina kahawa ya kikombe kimoja tu. Unakitumbukiza, unabonyeza, mashine inakitoboa, kahawa inatiririka, kikopo unakitupa. Kimoja ni shilingi elfu mbili. Kwa siku tunatupa vinne, wakija wageni sihesabu.

Mimi naitwa Kandida Ndunguru, nashona sare za shule hapa Iringa. Baba yangu, Mzee Longinus, analima kahawa kule Mbinga. Alipokuja kututembelea Pasaka aliizunguka ile mashine kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua, akauliza kahawa inaingilia wapi. Nikamwonyesha kikopo. Akauliza bei. Nikamtajia.

Akaomba maji ya kunywa.

Sasa ndoto yenyewe. Nipo jikoni, kahawa imeshatoka, nimeshika kikopo nikitupe. Nasikia mtu anasema, "Hujasalimia."

Nikachungulia dirishani nikidhani ni jirani.

"Ni mimi huku mkononi," sauti ikasema. "Hujasalimia."

"Wewe ndiye wa kunisalimia," nikakiambia kikopo. "Nimekununua juzi."

"Una miaka mingapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Mimi natarajiwa kufika mia tano. Mkubwa nani hapo?"

Nilitafuta kosa katika hesabu ile, sikuliona. Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba," kikopo kikaitika, kwa sauti ya mtu aliyesafiri mbali. "Nimefanya kazi sekunde ishirini na tano. Kuanzia sasa nimestaafu. Nionyeshe pa kukaa."

Nikafungua ndoo ya taka. Ndani walikuwamo wastaafu wengine, wamelaliana, wote wametobolewa paji la uso. Mmoja alikuwa anakohoa majimaji meusi.

"Hapa nitakaa mpaka lini?" kikopo kikauliza.

"Mpaka Ijumaa. Ijumaa gari la taka linapita."

"Na baada ya Ijumaa?"

Swali hilo sikuwahi kujiuliza. "Wanavipeleka mahali," nikasema.

"Basi twende nipaone hapo Mahali."

Nikafungua mlango wa nyuma, ule unaotokea kwenye kamba za nguo. Kamba hazipo. Nipo mbele ya ghala la chama cha ushirika cha wakulima, kijijini kwetu Mbinga, siku nzima ya safari kutoka Iringa, na mimi nimevaa khanga na kandambili. Juu ya mlango wa ghala wameandika kwa rangi ya bluu: MAHALI.

"Ndipo hapa?" nikauliza.

"Umesema mwenyewe," kikopo kikajibu.

Ndani kuna foleni ya wakulima. Mezani amekaa karani. Nilipomkaribia nikatambua kwamba karani ni mashine yetu ya kahawa, ila imevaa koti na miwani. Sikujua niiamkie au niifute vumbi kama ninavyofanya kila Jumamosi.

"Kaa," karani akasema.

Nikakaa. Nilipoinuka kuivuta khanga vizuri, vibarua wawili wakachukua kile kiti, wakakivunja, wakakitupa nje kupitia dirishani.

"Kina ubovu gani?" nikauliza.

"Hakina ubovu. Kimeshakaliwa." Karani akanguruma kidogo kama anachemsha maji. "Utaratibu wa hapa ni mmoja. Kila kitu ni cha mtu mmoja, mara moja. Kiti, kalamu, sahani. Hata maneno ya kuwaitia watu na kuwaamkia, kila neno mara moja."

"Ya kuwaitia watu kivipi?"

Alisema swali hilo nimeshalitumia.

Wakati huo Baba anaingia. Amebeba gunia la kahawa kavu begani, limejaa hadi mdomoni, mwaka mzima wa kazi yake upo humo. Moyo wangu ukafurahi. Nikafungua mdomo nimwamkie. Haikutoka sauti.

Nikajaribu tena. Hakuna kitu. Ndipo nikakumbuka kwamba shikamoo yangu nilishakipa kikopo.

Baba alisimama akingoja. Nilimwona anavyongoja, kichwa amekiinamisha kidogo upande wa sikio zima.

"Kandida," akasema, "siku hizi huamkii?"

"Baba!" nikasema, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa limebaki. Papo hapo kitu kikaanguka miguuni pangu, kling! Nikatazama chini. Ni kikopo kitupu, na juu yake pameandikwa BABA.

"Limeshatumika hilo," karani akasema, akapiga muhuri.

Nikataka kumweleza Baba kwamba si dharau, ni utaratibu wa mahali hapa, lakini nami mwenyewe utaratibu siuelewi, nitamweleza nini? Yeye alikwisha kugeuka. Alilitua gunia kwenye mizani, mizani kubwa ya sahani mbili inayoning'inia kwenye boriti.

Karani akaninyang'anya mkononi kile kikopo kilichostaafu, akakiweka sahani ya pili.

Kikopo kikashuka. Gunia likapanda.

"Mizani mbovu hiyo!" akasema mwanamke mmoja kwenye foleni. Nikamtambua, ni Shangazi Batilda, dada yake Baba, naye ana gunia lake. "Kikopo kitupu kinazidije gunia?"

"Hapa hatupimi uzito," karani akasema. "Tunapima bei. Gramu tano zikiwa ndani ya bati, na gramu tano zikiwa ndani ya gunia, si kitu kimoja."

"Kahawa si ile ile?" Baba akauliza.

"Kahawa ni ile ile."

Baba akafikiri. Kisha akafanya wanachofanya wakulima wote wakiona gunia halivuti: akapanda sahani akalikalia. Kikopo kikazidi kushuka. Gunia na Baba juu yake wakazidi kwenda juu, polepole, bila kelele.

Mimi nakimbilia sahani ya kikopo. Nakishika niking'oe. Hakinyanyuki, kizito kama jiwe la msingi.

"Samahani," kikopo kikaniambia, "hata mimi sikujua nina thamani hii. Nilikuwa kazini muda mfupi mno."

Baba sasa amefika usawa wa dirisha la juu. Hana wasiwasi. Amekunja mikono kama yuko kanisani.

"Mwanangu," akaniita kutoka huko, "naliona shamba. Wanajaza vikopo vya bati kwenye yale mashimo ya mteremkoni ninamopanda mahindi. Mteremko wote unang'aa. Nitapanda wapi?"

Kisha bati la paa likaanza kufunguka katikati, taratibu, kama mfuniko wa ile mashine tunapoingiza kikopo. Nikaona mbingu, na ile sindano ya kutobolea vikopo inashuka, imekua nene kama nguzo ya umeme.

"Nini kinaendelea?" nikamuuliza karani.

"Kilichopanda hadi mwisho kinatobolewa, kinatoa kinachotoa, kinatupwa," karani akasema. "Ni sekunde ishirini na tano tu. Haumii."

Shangazi Batilda akanishika mkono. "Mwanangu, mwite kaka yangu aruke! Anaisikiliza sauti yako kuliko ya mtu yeyote."

Nikavuta pumzi, nikaita. Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Miguuni pangu kikopo cha BABA kimelala kitupu.

"Limeisha, Shangazi," nikamwambia, na kling! la kwake nalo likaanguka. "Mwite wewe."

"Mimi neno la kaka nimelitumia asubuhi nilipomwita kunywa uji. Jina lake la ubatizo nililimaliza tukiwa watoto." Akanitazama. "Wewe la ubatizo hujalitumia."

"La ubatizo la nani?"

"La baba yako."

Tangu nizaliwe sijawahi kumwita mzazi wangu kwa jina lake. Hata nikijaza fomu mkono husita. Kwetu mtoto wa namna hiyo hana hata adhabu iliyoandaliwa kwa ajili yake, kwa kuwa haikutegemewa kwamba atatokea. Nikawatazama wakulima kwenye foleni. Wote wakaangalia pembeni wasiwe mashahidi.

Sindano imefika juu ya kichwa cha Baba. Yeye amevua kofia kwa heshima, akidhani ni askofu.

"LONGINUS!" nikapiga kelele. "RUKA!"

Karani akaacha kunguruma. Baba alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji, akakosa mshikio, akaanguka kutoka huko juu, akashukia kiuno juu ya gunia la Shangazi Batilda. Gunia likapasuka. Sindano ikachoma hewa tupu mara moja, ikarudi ilikotoka, na mizani ikabaki inabembea.

Nikamkimbilia. Baba amekaa katikati ya kahawa iliyomwagika, anatafuta kofia. Hakuumia, au hakutaka kuonyesha. Nilitaka kulia, nilitaka kucheka, nilitaka kujificha chini ya meza ya karani.

"Nani kaniita hivyo?" Baba akauliza.

Foleni nzima ikaninyooshea kidole. Kikopo hakina kidole, lakini nacho kiligeuka upande wangu.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia chumbani. Zakayo yuko jikoni, nasikia mashine inanguruma. Nilijaribu kupanga mambo kichwani, nani alipanda, nani alishuka, kwa nini ghala liitwe Mahali, hayakupangika. Nikajiambia ni chakula cha usiku, nilikula maharage mengi.

Simu ikaita. Ni Baba. Yeye hupiga Jumapili baada ya misa, na leo ni Alhamisi.

"Shikamoo, Baba," nikasema haraka haraka, yote mawili kwa pamoja.

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Kuna tatizo?"

"Kiuno. Nimeamka kinaniuma kama nimeanguka kutoka darini. Lakini si hilo nililokupigia." Nilimsikia anamwambia mtu apunguze redio, kisha anasogea mahali penye utulivu, anakohoa.

"Kandida mwanangu," akasema, "nakuuliza kwa upole, na Zakayo asisikie. Tangu lini unaniita Longinus?"