Umeme Ulipokatika Uani

Kila Jumamosi saa kumi na moja jioni, vyumba vitano kati ya sita vya uani vilifungulia redio kwa pamoja. Mgeni angedhani wapangaji wale wanapenda muziki kufa. La hasha. Huo ndio ulikuwa wakati wa dereva wa chumba cha nne kumpiga mkewe, na majirani zake walikuwa watu wa heshima, hawasikilizi mambo ya ndani ya wenzao.

Redio kubwa kuliko zote ilikuwa ya mshonaji wa chumba cha tatu, kwa kuwa ukuta wake ndio uliopakana na chumba cha nne. Akiifungulia hadi mwisho, hata sindano zilicheza mezani. Jumapili mke wa dereva alianika nguo, jicho limevimba.

"Nimejigonga mlangoni," alisema.

"Pole, dada. Mlango wenu huo!" majirani walimjibu.

Mwalimu mstaafu wa chumba cha kwanza alikwishapendekeza aitwe seremala aupige randa.

Jumamosi moja, muziki umepamba moto, umeme ukakatika.

Uani kukawa kimya. Kisha likasikika kofi, na sauti ya mwanamke: "Basi, mume wangu! Inatosha!"

Mwalimu akakohoa mlangoni kwake. Mama wa chumba cha pili akatazama mbingu.

"Jamani, umeme huu unatuaibisha!"

"Watu wa umeme hawana utu," Mwalimu akasema kwa uchungu.

"Tuimbie basi, Mwalimu."

"Niimbe nini, mama? Sauti yenyewe imenikauka."

Kofi la pili likalia.

Mshonaji alijikuta mlangoni pa chumba cha nne, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Akabisha hodi. Dereva akafungua akihema.

"Aa, jirani! Chumvi tena?"

Mara tatu mshonaji alikuwa amebisha pale kwa nia ya kumkanya, na mara tatu akarudi na chumvi asiyoihitaji. Kopo lake lilikuwa limejaa pomoni.

"Hapana, shemeji. Chumvi ninayo." "Unampiga mkeo. Tunasikia. Kila Jumamosi tunasikia, sote, na redio tunazifungulia makusudi." Akachungulia nyuma ya bega la dereva. "Dada, chukua kanga yako. Njoo kwangu."