Siku ya Mifuko Myeusi

Orest Hnatiuk alikuwa akitupa viatu vyake kwenye mfuko mweusi wa taka alipoitwa kwa daktari. Kila mchezaji wa Makorongo, timu ya futiboli ya kofia za chuma, alipewa mfuko wake mlangoni asubuhi hiyo, kama ilivyo kawaida msimu unapokwisha. Timu iliyoshinda mechi tatu katika kumi na nane haina haja ya makabati Novemba, mwezi wa mechi za mtoano.

"Chukueni miwili miwili," alisema mzee Gordie, mtunza vifaa. "Ndicho kitu pekee tutakachojaza mwaka huu. Uwanja umetushinda."

Walicheka kidogo. Jumamosi walikuwa wamefungwa kwa pointi moja: mpinzani alipiga mpira kwa mguu, ukawapita wote, ukatoka nyuma ya mstari wa mwisho, na kwa sheria za mchezo huo hiyo ni pointi. Hakuna aliyeugusa. Pointi moja, mwaka umekwisha.

Orest alipanda ngazi akitanguliza mguu wa kulia kila kidato. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, saba kati ya hiyo akiwa kwenye safu ya mbele ya timu hii, akisukumana na watu wa kilo mia na arobaini. Septemba, kwenye mechi ya ugenini Kalgari, goti la kushoto lilitoa mlio kama ukuni mkavu unaovunjika. Tangu hapo alicheza kwa sindano za ganzi.

Dokta Penner alikuwa na rundo la fomu mbele yake. Hakuinua kichwa.

"Goti vipi?"

Orest alijua mambo mawili. Ukiandikwa mgonjwa, timu inakulipia upasuaji na kukutunza mpaka upone. Ukiandikwa mzima, inaweza kukuacha siku hiyohiyo. Lakini alijua pia kwamba fomu hizo husomwa na meneja Ruddick kabla hajapanga kikosi cha mwakani, na hakuna meneja anayebaki na mzee mwenye goti bovu. Kwa miaka saba aliulizwa swali hilo kila Jumatatu, na kila Jumatatu alijibu neno moja. Pale chini, kwenye makabati, anayejibu vingine huchekwa na kuitwa bibi harusi.

"Safi, dokta."

"Weka sahihi hapo."

Haikufika dakika.

Baada ya nusu saa aliitwa na Ruddick.

"Kaa, bwana Orest. Miaka saba. Nakuheshimu sana, ujue."

Orest aliposikia "nakuheshimu" alijua.

"Mwaka ulikuwa mbaya," Ruddick aliendelea. "Wenye timu wanataka sura mpya."

"Sura yangu iko ndani ya kofia ya chuma. Nani anaiona?"

Ruddick alicheka, akatazama saa. "Bora wewe unatoka mzima. Wengi wanatoka hapa wamevunjika. Fomu yako nimeiona, iko vizuri."

Orest alirudi kwa daktari. Hakubisha hodi.

"Goti langu limekufa," alisema.

"Saa tatu uliniambia safi."

"Saa tatu nilikuwa mchezaji."

Penner alivua miwani. "Fomu imeshakwenda kwa Ruddick. Ina sahihi yako, ndugu yangu."

"Hukunigusa."

"Hukusema."

Orest alipanda juu ya kitanda cha kupimia, akapandisha suruali. Goti lilikuwa limevimba, limepoteza umbo. "Nishike sasa."

"Siwezi kuandika chochote."

"Usiandike. Shika."

Penner alisogea, akashika mfupa chini ya goti, akauvuta. Ukaja mbele kama droo. Akauachia haraka.

"Kano za goti hili zilikatika zamani."

"Kalgari."

"Umecheza mechi sita na goti hili?"

"Sindano sita nani alinidunga?"

Penner alikwenda kunawa mikono, akanawa muda mrefu. "Nenda hospitali ya umma," alisema akiwa amempa mgongo. "Waambie uliumia nyumbani."

Katika hospitali ya umma, foleni ya upasuaji wa magoti ilikuwa miezi kumi na minne. Kila msimu wa baridi Orest alibeba mbao za jipsamu za kujengea kuta na shemeji yake, ghorofa kwa ghorofa, kwenye nyumba mpya za pembeni mwa mji. Kwa goti hili asingebeba hata ndoo ya rangi.

"Sishuki hapa," alisema.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Kelvaughn Pruitt, mchezaji mwenzake wa kukimbia na mpira, kutoka Alabama, mkono wa kulia ameuchomeka mfukoni mwa jaketi. Tangu mechi ya Jumamosi alikuwa hajautoa humo. Aliliona goti, akasimama.

Penner alikuwa amesharudi kwenye kiti. Akavuta fomu nyingine.

"Bega vipi?"

"Kelvaughn," Orest alisema, "mimi nilimwambia safi. Wameniacha."

Kelvaughn aliliangalia goti tena. "Saa hizi?"

"Saa hizi. Mwambie kweli, kaka. Utoe huo mkono aone."

"Wewe umeachwa kwa umri, mzee. Usikasirike." Sauti yake haikuwa na ubaya. "Mimi nina miaka ishirini na sita."

"Bega vipi?" Penner aliuliza tena, sasa kwa sauti ya chini.

"Safi, dokta."

Akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, ambao hakuwahi kuuandikia, akaanza kuchora jina lake taratibu, herufi moja moja. Karatasi ikawa inateleza mezani. Penner akanyoosha vidole viwili, akamshikia.