Kamati ya Ndege wa Kipili

Kosa langu lilikuwa kufungua mdomo. Ningefunga studio Ijumaa, nikapanda gari la Namanyere, nikateremka hadi Kipili ziwani, na hakuna mtu Sumbawanga ambaye angejua nimekwenda wapi. Lakini mimi furaha ikizidi hainikai kifuani. Fransisko, mwenye boti kule Kipili, alikuwa amenipigia simu: ndege wa ziwani, shakwe na minandi, wamejaa kwenye kile kisiwa cha mawe, wanataga, mwamba mzima umekuwa mweupe. "Wahi, dada Jovina. Makinda wakishaweza kuruka hukuti kitu." Niliruka mle studioni mpaka nikaangusha pazia la maua ambalo maharusi husimama mbele yake.

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, kipaimara na komunyo ya kwanza. Nimechoka na watu wanaoniuliza kama wametoka wanene. Nilitaka picha moja tu, ya viumbe wasiojua hata kamera ni nini, niitundike ukutani niiangalie hadi nizeeke. Basi nikamwambia shangazi Emerensiana.

Jumapili baada ya misa akaniita kwake. Sebule imejaa watu, viti vingine vimeazimwa kwa jirani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Kamati imeshaanza."

Kamati! Sisi hata kuku akiangua tunaweza kuchagua mwenyekiti. Hapa mwenyekiti alikuwa shangazi mwenyewe. Rafiki yangu Salome, fundi cherehani, alikuwa ameleta kitambaa cha sare, kitenge cha rangi ya chungwa kinachoumiza macho. Kosta ya kutubeba ilikuwa imeshapatikana. Ugali wa ulezi ulikuwa na mpishi wake, kuku nao mpishi wao, na watu walikuwa wanabishana kwa sauti kama pilau litavumilia barabara ya Kipili. Burudani alikabidhiwa binamu yangu Oswaldi, ambaye ndiye mshereheshaji wa kila sherehe ya ukoo.

"Spika zangu mbili zinaenea kwenye boti," akasema. "Dada, we tulia. Hao ndege watacheza wenyewe."

Nilicheka hadi nikashika mbavu. Halafu nikaona hatanii, na hasira ikanipanda.

"Mnajua ndege wakikurupuka mayai yanabaki juani? Mkipiga muziki pale, mimi sina picha na wao hawana watoto! Nani aliwaomba kamati? Siendi harusini mimi, naenda kupiga picha ndege!"

Oswaldi akatazama viatu vyake. Salome akaanza kukunja kile kitenge taratibu, na mimi roho ikaniuma palepale.

"Tunajua huendi harusini," shangazi akasema. "Jovina, harusi ya Salome nani alipiga picha? Ya Oswaldi je? Kila kamati ya ukoo huu umekaa, umechanga, umekesha. Wewe hujawahi kutuletea jambo lako hata moja. Mume hukutaka, sawa, hatukukulazimisha. Lakini tulikuwa tunakungoja. Juzi umeingia hapa unarukaruka kama mwali, unasema kuna kitu unakitaka. Ulitaka sisi tukae tu?"

Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, kamasi zinatoka mbele ya kamati nzima, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata maishani.

"Kwenye boti ni mimi na Fransisko tu," nikasema nilipoweza. "Nyie mnabaki ufukweni."

"Na muziki?" Oswaldi akauliza kwa unyonge.

"Nikisharudi nchi kavu, piga mpaka Kongo wasikie."

Wakashangilia hadi kikombe kimoja kikaanguka. Salome alikuwa ameshatoa futi yake na ananipima kiuno; nguo ya botini, akasema, lazima ifanane na mawe, na kama ndege wataniona basi yeye anaacha kazi. Shangazi akagonga meza kwa kijiko.

"Tuendelee. Nani atamsindikiza bibi harusi wetu hadi kwenye boti?"

Mikono yote ikainuka, na mimi, kwa wazimu wa furaha, nikainua wangu.