Kikapu cha Jumatano ya Majivu

Katekista alikuwa na ulimi mtamu, na ndio uliomponza. Mchana alishona sare za shule kwa cherehani yake. Jioni aliwafundisha watoto wa kipaimara, wale wa umri wa kuota chunusi, wanaokariri Nasadiki huku wakipigana mateke chini ya benchi. Walimchosha roho.

"Mnaamini kwa sababu mama zenu wanaamini!" aliwafokea. "Imani ya kuazima hiyo. Mtaivaa mpaka lini?"

Basi mwaka huu akabuni jambo. Jumatano ya Majivu aliweka kikapu mbele ya altare, kimefunikwa kitambaa cha zambarau. Kila mtoto atumbukize kitu anachokitegemea kuliko Mungu, akiache Kwaresima nzima. Hakuna kuchungulia, hakuna kuulizana. Siri ya mtu na Mungu wake. Na akawaonya: shetani atakuja na sauti ya mtu mnayempenda, awabembeleze mkichukue tena. Watoto wakapanga foleni kimya, jambo ambalo hawajawahi kulifanya tangu wazaliwe, na katekista akavimba kichwa.

Wa mwisho alikuwa Kadogo, mtoto wa dada yake. Kadogo ana kisukari tangu chekechea, bila sindano asubuhi na jioni hafiki mbali, na ukoo mzima unalijua hilo. Siku hizi hujichoma mwenyewe. Mama yake, anayeingia zamu ya alfajiri kiwandani, alimwachia kazi hiyo kwa fahari. Kadogo alitumbukiza kitu chake, akapiga ishara ya msalaba, akamtabasamia mjomba wake.

Ijumaa, kwenye Njia ya Msalaba, Kadogo alimaliza chupa ya maji, akaomba nyingine. Kutwa kutoka nje kukojoa. Midomo imekauka, macho yameingia ndani. Na mjomba, jamani, mtu mzima na akili zake, akawaambia wenzake: "Mwoneni Kadogo anavyofunga! Huyu imani yake ni yake." Mtoto wa watu akachanua uso kwa furaha. Kituo cha saba akaanza kuhema kama aliyekimbizwa. Cha tisa akaanguka.

Wanawake walimdaka. Mjomba yeye alikimbilia kikapu. Akavuta kitambaa. Hata hakuhitaji kupekua: juu ya simu na peremende za watu, kipochi cha sindano na dawa yake.

"Mungu wangu, nimeua."

Hospitalini fahamu zilimrudia Kadogo nusunusu. Daktari alimwekea dripu, mtoto akaing'oa.

"Nilimpa Mungu," alinong'ona.

"Mwanangu, nilikosea." Mjomba alilia mbele ya dada yake, wala hakuona haya. "Mungu hataki dawa yako."

Daktari alimvuta mjomba pembeni. "Leo tutamshika tumchome, apende asipende. Akirudi nyumbani ni yeye na sindano yake. Huko nani atamshika?"

Dada yake alisikia. Akamkamata kaka yake ukosi wa shati. "Mwambie! Anakusikiliza wewe kuliko mimi niliyemzaa. Mwambie akusikie!"

Mjomba akapiga magoti kando ya kitanda, akarudia yote, kwa ule ulimi wake mtamu, polepole. Kadogo alimtazama kwa huruma, huruma ya kweli.

"Maskini mjomba," akasema. "Si ulituambia shetani atakuja na sauti ya mtu tunayempenda?"

Akageukia ukutani.