Mbwa wa Kituo cha Tahadhari

Mtaa uliolala chini ya kilima uliamini kwamba ndani ya kilima hicho limelala jitu, na kwamba siku litakapogeuka ubavu, mbwa watabweka kwanza. Mtaalamu wa miamba, mzaliwa wa mtaa huo, hakuwa na ugomvi na jitu. Alijua ni maporomoko ya kale yaliyovalishwa umbo la mtu ili yasisahaulike. Ugomvi wake ulikuwa na kamati ya mtaa.

Kamati iliamua kwenda na wakati. Mwenyekiti alisikia redioni kwamba wanyama huhisi mtikisiko kabla ya binadamu, basi mbwa watatu wakafungiwa bandani juu ya kilima, na kibao kikasimikwa: KITUO CHA TAHADHARI. Walipobweka usiku kucha, majirani wakalalamika. Mwenyekiti akaagiza mbwa anayenyamaza apewe mfupa. Mbwa si wajinga. Wakanyamaza kama maiti, wakanenepa kama mito ya kochi, na ukimya wao ukatangazwa kuwa ushahidi wa usalama.

Mvua haikukatika. Ufa wa kilimani uliokuwa ukimeza kidole sasa ulimeza mguu.

"Mwenyekiti, kilima kinateleza. Hakitikisiki, kinashuka kama mume anayetoka kitandani asimwamshe mke. Hata mbwa asiyehongwa hatakihisi."

"Daktari, wewe una macho mawili. Sisi tuna pua tatu."

"Zimejaa mafuta ya mifupa."

"Usiwaonee wivu wafanyakazi wenzako."

Mtaalamu akashuka kwa mama yake, ambaye nyumba yake iliegemea kilima. Mlango wa jikoni, uliofungika vizuri asubuhi, ulikuwa umekwama kwenye fremu.

"Mama, twende kwangu leo hii."

"Mbwa wamebweka?"

"Wanalishwa wasibweke!"

"Nikiwakimbia majirani kabla mbwa hawajabweka, mwanangu, nitaitwa mwoga hadi kaburini. Wakibweka, nitatoka."

Miaka yote aliwafundisha wanafunzi kwamba ukweli haubebwi mgongoni mwa uongo. Akautazama mlango. Kisha akamtia paka wa mama yake kapuni, akapanda kilima.

Mbele ya banda alifunua kifuniko cha kapu upana wa kidole. Hakuna mfupa ulioweza kushindana na harufu ile. Mbwa walibweka hata kibao kikacheza. Alipovuta komeo ili wasife humo, paka naye akachomoka. Akateremka, akakatiza mtaa hadi ng'ambo, mbwa nyuma yake, watu nyuma ya mbwa. Mama alitoka na kitita ambacho, kwa jinsi kilivyofungwa, hakikufungwa siku hiyo.

Jioni kilima kiligeuka ubavu. Jiko la mama likazikwa, na ofisi ya kamati pia. Hakufa mtu.

Baada ya wiki, Mwenyekiti aliandaa sherehe. Mbwa walivishwa nishani, wakakaa jukwaani wakitafuna, kimya. Wajumbe wa mitaa mingine ya milimani walikuja kuagiza mbwa wao.

"Sasa Daktari atatufafanulia sayansi ya silika," akasema Mwenyekiti, akitabasamu kama aliyezaa mbwa hao mwenyewe.

"Nyamaza tu," mama akanong'ona. "Si tumepona?"

"Sisi tumepona, Mama. Hawa wanakwenda kulala chini ya vilima vyao, wakisubiri mbwa walioshiba."

Akapanda jukwaani na kapu lile, ndani yake kucha zikikwaruza, akaliweka mbele ya nishani, akashika kifuniko.

"Sayansi yenyewe," alisema, "ni hii hapa."